Paa Lililoezuliwa Mara Tatu

Majengo, Songea
2 Juni 2025

Mwanangu Hilda,

Kosa wanalolifanya wengi wanapoomba nafasi kwa maandishi ni kulia kabla hawajasalimia. Kwa hiyo nakusalimu kwanza. Hujambo? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa baridi imeshuka mapema na mimi natembea humu ndani nimevaa koti la marehemu baba yako juu ya sweta, na sweta juu ya kanga, na bado nanung'unika. Mama yako alipiga simu kutoka Namtumbo. Anasema tumbaku imekauka vizuri, na anakusalimu sana. Mahindi yetu ya Mpitimbi tumekwisha kuyavuna. Jogoo uliyemwacha bado yupo. Siku hizi anawika adhuhuri, kama mtu aliyechelewa kazini anayetaka aonekane amefika.

Barua yako ya mwezi wa nne imefika mwezi wa tano. Nilipouona muhuri wa kambi niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena kwa miwani. Kwamba umeruhusiwa kuomba mafunzo ya afisa mwanafunzi! Mtoto wa mdogo wangu Kajetani, afisa wa jeshi! Nilitoka nje nimtangazie mtu, nikamkuta jogoo peke yake. Nikamtangazia.

Unaniuliza kuhusu ile sehemu ya fomu inayosema ueleze hali ya familia yako na matatizo uliyopitia, kwa maneno yasiyozidi mia tatu. Unajua fika umemuuliza nani. Mtu mwingine angekujibu kwa mistari mitatu. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, na tangu nistaafu nimewaandikia watu wa Majengo barua za shida mpaka watoto wa mtaa wananiita Mama Shida, tena mbele yangu.

Sikiliza basi. Kwanza unasema wewe ni nani. Halafu unataja msiba: baba yako alifariki ukiwa na miaka kumi na mmoja. Sentensi moja inatosha, usimzike mara mbili. Baada ya hapo unampa msomaji jambo ambalo ataliona kwa macho, na hapa ndipo wengi hushindwa. Wanaandika "maisha ni magumu." Msomaji naye maisha yake ni magumu, basi anageuza ukurasa. Mpe kitu cha kushika. Mimi siku zote huweka paa: "Novemba ile upepo uliezua paa la nyumba yetu, tukalala siku kumi na moja chini ya turubai la kuanikia mahindi." Paa halijaniangusha hata mara moja. Weka paa. Kisha malizia bila kuomba huruma. Huruma itakuja yenyewe ikiona haikuitwa.

Ule mwaka ambao hukuwa shule, baada ya kidato cha nne na kabla ya cha tano, usikuhangaishe. Andika "sababu za kifamilia." Maneno hayo nimeyaandika mara elfu kwenye daftari la mahudhurio na hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza zaidi. Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Eusebi, nimekwisha kuiagiza. Nilimwambia la kuandika: lilelile tulilowaambia watu wote, kwamba mwaka ule ulikuwa ukirudia mtihani.

Usicheke mwandiko. Kalamu za siku hizi ni za ovyo, na baridi hii inakakamaza vidole.

Shangazi yako,
Kunegunda


Kambini
6 Julai 2025

Shikamoo Shangazi,

Mwandiko wako umesomeka vizuri tu, na nimefurahi kusikia habari za jogoo. Mimi ni mzima. Nimepungua tumbo nimeongezeka sauti, kwa sababu ya nyimbo za mchakamchaka. Wenzangu walistaajabu nilivyotandika kitanda shuka likakaa kama karatasi. Nikawaambia nimelelewa na mwalimu. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na somo la huduma ya kwanza. Tuliambiwa tumwinue mtu mzima asiyejiweza kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, wawili wawili. Nilimwinua Remmy peke yangu. Mkufunzi akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema nyumbani.

Sasa jambo lenyewe. Naomba ukae.

Tulioomba kutoka huko kwetu tuko watatu: mimi, Remmy wa Mpitimbi na Majidi wa Namtumbo. Ijumaa Afande Jumanne, anayekagua fomu, alitupanga mbele ya ofisi yake.

"Nani kati yenu nyumba yao iliezuliwa paa?"

"Mimi, Afande," akasema Remmy.

"Mimi, Afande," akasema Majidi.

Nilitamani ardhi inifiche, lakini fomu yangu ilikuwa mkononi mwake. "Na mimi, Afande."

"Mwezi gani?"

"Novemba, Afande!" Tulijibu pamoja, kama kiitikio.

"Mkalala wapi?"

"Chini ya turubai, Afande!"

"Turubai la nini?"

"La kuanikia mahindi, Afande!"

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja, Afande!"

Akavua kofia akaiweka mezani taratibu. "Huo upepo wa Songea una shabaha. Bora ningeuandikisha wenyewe jeshini, nyinyi mkarudi kwenu."

Wenzetu waliokuwa wakifyeka jirani walicheka mpaka wakaongezewa eneo la kufyeka. Tangu siku hiyo jina langu hapa ni Turubai.

Ningecheka na mimi, Shangazi, ila yaliyofuata hayachekeshi. Remmy na Majidi walikuwa wameambatanisha zile barua za ushahidi walizopata kwako mwishoni mwa mwaka 2021, walipokuwa wakiomba ufadhili wa shule. Zina jina lako na sahihi yako. Afande akaziweka kando ya fomu yangu niliyoijaza kwa mkono. Mwandiko ni mmoja.

Akaniambia, "Wewe binti umewaghushia wenzako barua za mwalimu mstaafu."

Nikasema sikughushi.

"Basi kwa nini mwalimu ana mwandiko wako?"

Jibu unalijua. Mimi sikulitoa. Nilisema nitaandika nyumbani niulize.

Halafu akachukua barua ya Bwana Eusebi inayosema nilirudia mtihani, akakichukua na cheti changu. Kina mtihani mmoja, daraja la kwanza. "Ulirudia upi?" akauliza. Nikasema hilo nalo nitauliza nyumbani.

Fomu zetu zote tatu zimewekwa pembeni. Maombi yanaondoka hapa tarehe 30 Septemba. Maelezo yasipofika kabla ya siku hiyo, zetu zinabaki, na hilo la kughushi linapelekwa kwa mkuu wa kambi. Jeshini kughushi si jambo la kuambiwa "usirudie tena."

Naomba unielekeze niseme nini. Sitasema jambo ambalo hujaniruhusu.

Mwanao,
Hilda


Majengo, Songea
28 Julai 2025

Mwanangu Turubai,

Hujambo na mazoezi? Sisi tunaendelea. Jumuiya ilisali hapa nyumbani Jumamosi. Baada ya somo niliombwa niseme neno moja, nikasema mengi kiasi kwamba chai ilipoa ikachemshwa tena, na Bwana Eusebi akalala akiwa amekunja mikono kama mtu anayetafakari. Mama Emerensiana wa Mpitimbi ameniletea kikapu cha maharage, na anakusalimu. Jogoo ameanza kuwika alasiri.

Nianze na paa, kwa sababu paa naliweza.

Paa lilikuwepo kweli. Lilikuwa la jiko la huyohuyo Mama Emerensiana, Novemba 2009. Yaliruka mabati mawili, na mumewe aliyarudisha kabla ugali haujaiva. Turubai nililiongeza mimi. Siku kumi na moja pia ni zangu. Nilijaribu kuandika kumi, zikaonekana za kubuni. Nilimwandikia mwanawe barua hiyo, akapata nafasi ya shule, basi paa likahamia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Juzi nimekaa nikahesabu kwenye vidole mpaka vikaisha. Nimeezua nyumba kumi na tisa, Hilda, na namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mimi, niliyekuwa nikiwasimamisha watoto kwenye kona kwa kunakili insha! Nimewafanya watu wa kata nzima wanakili ya kwangu, tena kwa majina yao.

Mwambie Afande kwamba la paa nalikubali lote, liwe juu yangu.

Kuhusu mwandiko, mwambie kwamba mtoto huandika kama aliyemfundisha kushika kalamu. Ni jambo linalojulikana. Tazama herufi g yako, ina mkia uleule wa yangu. Niliwahi kuwa na wanafunzi wawili mapacha ambao hata mimi sikuweza kutofautisha madaftari yao. Na kuhusu mtihani, sema ulikusudia kurudia, ukajiandaa, halafu mambo yakabadilika. Huo si uongo mkubwa.

Yaliyobaki ni ya ndani ya nyumba. Askari naye lazima ajue kutunza siri.

Nimesoma kwamba ulimwinua yule kijana peke yako. Hapo sina la kuongeza.

Shangazi yako,
Kunegunda


Kambini
10 Agosti 2025

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hamjambo wote. Mimi ni mzima. Barua yako imefika juzi, na nilifanya ulivyoniagiza. Nilimweleza Afande habari za herufi g.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nipe hiyo bahasha." Akaiweka kando ya zile barua za Remmy na Majidi. Kwenye bahasha, Shangazi, jina langu umeliandika kwa mistari inayotetemeka, na herufi g ya Songea imeanguka chini ya mstari. Hazifanani hata kwa mbali.

Akasema, "Sasa mwalimu huyu ana miandiko miwili, na kinachofanana na chako si hiki." Hakunifokea. Ningeona nafuu kama angenifokea. Amenipa fomu mpya, akasema niiandike bila upepo.

Majidi hazungumzi nami tena wakati wa chakula. Jana aliniambia, "Dada Hilda, kama unajua kitu kitakachotutoa hapa, na unakikalia, mimi na mama yangu tumekukosea nini?" Remmy ameacha kuniita Turubai. Nilivyokuwa nikilichukia jina lile, nalitamani.

Ulinifundisha kwamba mambo ya mkubwa hayasemwi na mdogo, na nimelishika hilo. Naomba uamini kwamba mwaka ule siujutii. Nilijifunza kupika uji usio na madonge, na kukukata kucha huku ukinikosoa. Nilijifunza kuandika barua za watu wewe ukiwa kitandani unanisomea neno kwa neno, mpaka nukta na mkato. Na ile safari ya kwanza ya hospitali ya Mbesa, uliponyoosha kidole kimoja na daktari akapiga makofi, mimi nililia chooni.

Kinachoniuma ni kimoja, na nikikisema utanisamehe. Kila Jumapili watu walikuwa wananishika bega, "Usikate tamaa, mwanangu, hata mtume Petro aliteleza." Nami naitikia amina, na cheti changu cha daraja la kwanza kiko sandukuni.

Fomu mpya nimeijaza yote isipokuwa ule mwaka. Nimeacha nafasi tupu. Sitaijaza bila ruhusa yako, wala sitakulaumu ikifika tarehe 30 iko tupu. Kazi ya kufyeka ninaiweza.

Mwanao,
Hilda


Majengo, Songea
8 Septemba 2025

Mwanangu Hilda,

Salamu zangu leo ni fupi, jambo ambalo najua litakutisha. Sote ni wazima.

Barua yako ilinifikia tarehe 29 Agosti. Nilikaa nayo siku sita. Katika siku hizo nilianza kukujibu mara nne. Barua ya kwanza ilieleza jinsi posta ilivyofanya kazi nilipokuwa msichana. Ya pili ilihusu dumuzi kwenye mahindi, kurasa mbili, na ilikuwa nzuri. Ya tatu ilikulaumu wewe. Ya nne ilikuwa na salamu peke yake, watu wote wa mtaa mmoja mmoja, mpaka nikafika kwa jogoo nikaona nimefika mwisho wa kujificha. Nimezitia zote jikoni zikachemsha maji.

Tarehe 14 Julai 2021 nilipata kiharusi. Nimeliandika neno hilo sasa hivi, na dari haijaanguka.

Ulikuwa umebakiwa na siku tatu uende kuripoti kidato cha tano. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba. Ulilifungua mbele yangu, ukaitoa sare ukaitundika. Mimi nikiwa na nusu ya mdomo inayofanya kazi nilijaribu kukueleza kwamba kamba ile ulikuwa umeifunga vibaya. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyokuambia siku uliyoiacha shule kwa ajili yangu. Nimeyakumbuka miaka minne, na kila nikiyakumbuka natafuta mtu wa kumsahihisha.

Kwa nini niliwaambia watu kwamba umefeli? Kwa sababu waliniuliza kwa nini uko nyumbani. Mwalimu aliyewaandikia wote alikuwa hawezi kushika kijiko, akaona haya. Nafasi yako ilipopotea, nikaona wewe ni kijana, aibu utakua uiache kama gauni la utotoni. Safari tatu za mazoezi ya viungo kule Mbesa tukaziita kusalimia ndugu. Watu wakija kuomba barua nikawa nawaambia warudi kesho. Wewe unaandika sebuleni, mimi nasoma kutoka chumbani, na sahihi ukaiweka wewe kwa amri yangu. Kama kuna aliyeghushi, ni mwenye sauti, si mwenye kalamu.

Alhamisi nilikwenda ofisi ya mtaa. Mtu mwenye miguu miwili mizima anatumia dakika kumi. Mimi nilitumia nusu saa, nikijifanya natazama maduka. Nilikuta watu wanane kwenye benchi, na Mama Emerensiana miongoni mwao, amekuja kufuatilia karatasi za mjukuu wake anayeishi hapa mtaani, ambaye husali naye kwetu kila Jumapili.

"Bwana Eusebi," nikasema, "nimekuja kusahihisha."

"Kusahihisha nini tena, Mwalimu? Tangazo la takataka ulikwisha kulisahihisha mara mbili."

"Kujisahihisha."

Benchi zima likageuka kunitazama. Nadhani walifikiri naumwa. Basi nikawaambia: mwaka ule Hilda hakurudia mtihani wowote. Alifaulu daraja la kwanza, akaacha nafasi yake, akaniuguza, kwa sababu nilikuwa nimepooza mkono na mguu. Barua zote za mwaka ule ziliandikwa na yeye.

Nikasubiri waseme "Yesu na Maria." Hakuna aliyesema. Mama Emerensiana alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mwalimu," akasema, "la mkono tulilijua."

"Mlilijua?"

"Mwaka mzima tukitakiana amani kanisani unatupa mkono wa kushoto! Wewe, uliyekuwa ukituchapia watoto kwa kupokea kitu kwa kushoto. Tungedhani nini?"

"Na barua za mwaka ule zilikuwa na adabu," akasema mzee mmoja wa kwenye benchi. "Hazikuwa na yale maneno yako, 'kama nilivyokwisha kueleza.' Tukajua kuna mtu anayapunguza."

Walicheka wote, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza. Nimefundisha miaka thelathini na minne nikiamini watoto hawawezi kunificha kitu, kumbe ni mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya unyasi mmoja na darasa zima linanitazama.

"Mbona hamkusema?"

"Wewe hukusema," akajibu Mama Emerensiana. "Sisi tuseme kama nani?"

Nilianza kuvuta pumzi. Ndipo akaongeza, kwa upole kabisa, "Ila hilo la mtoto kufeli, hilo tuliamini. Maskini. Nilimfanyia novena."

Hilda, nilichokificha walikiona wote, na uongo niliokifunikia ndio uliobaki kwao. Nimejaribu kulieleza jambo hilo vizuri zaidi ya hapo, nimeshindwa.

Bwana Eusebi alitaka aniandikie maelezo ili nipumzike. Nikakataa, Afande lazima auone mkono wenyewe. Nikashika kalamu kwa mkono wa kulia mbele ya watu wote. Mistari tisa ilinichukua dakika arobaini. Wengine walikwenda kunywa chai wakarudi. Mtoto mmoja aliyekuja na mama yake aliuliza kwa sauti kama bibi huyu anaanza darasa la kwanza, na jibu la haki ni ndiyo. Bwana Eusebi aligonga muhuri juu chini. Sikumwambia kitu.

Jumapili padre alinipa dakika mbili baada ya matangazo. Nilisimama nikasema Hilda binti Kajetani hakuwahi kufeli, nikasema alikuwa wapi mwaka ule, nikaketi. Nilitumia dakika moja na nusu. Watu wamezungumzia hiyo nusu iliyobaki kuliko habari yenyewe. Mama Emerensiana alinifuata nje kuuliza novena yake sasa aihamishie kwa nani. Nimemwambia aiweke kwa Afande Jumanne.

Humu ndani utakuta maelezo yangu kwa Afande, kwa mkono wangu, ambayo yanakubali pia paa, turubai na siku kumi na moja, na yanasema Remmy na Majidi walikuwa watoto waliopewa bahasha wakaipeleka walikotumwa. Utakuta barua mpya ya Bwana Eusebi, na kadi yangu ya matibabu ya Mbesa. Mama yake Majidi nimempigia simu mwenyewe. Alinisema kwa dakika ishirini, na sikumkatiza. Bahasha hii inakwenda kwa posta ya haraka, kwa hiyo itakufikia kabla ya tarehe.

Sijui Afande ataamua nini. Anaweza kusema wote watatu msubiri mwakani, na atakuwa na haki, kwa sababu uongo wangu ulimpotezea muda wake. Lakini hatasema tena kwamba mwandiko ule ni wa mghushi. Mwambie hivi tu, kama akiuliza: ni wa aliyebaki nyumbani.

Jogoo tumemla Jumapili. Alikuwa mgumu. Nilikula kwa mkono wa kulia.

Shangazi yako,
Kunegunda

Nimeeleza yote nikasahau lililo kubwa. Ruhusa unayo. Leo hii, kabla hujaenda kula, chukua fomu yako, na kwenye ile nafasi tupu uandike: "Mwaka 2021 shangazi yangu alipata kiharusi, nikabaki nyumbani kumuuguza."